Mwinueni Huyo Mtoto Mkekani

Saa tatu asubuhi mtoto wa miaka minne yuko chali kwenye mkeka sebuleni, anatazama dari. Saa saba analishwa uji palepale, kichwa kimelalia nyuma. Jioni anageuzwa ubavu. Alhamisi atabebwa mgongoni, wapande daladala mbili mpaka kliniki ya mazoezi, anyooshwe miguu nusu saa huku akilia, kisha arudishwe mkekani. Halafu nyumba nzima inauliza: mbona mazoezi hayamsaidii?

Yatamsaidiaje? Wiki ina saa 168. Toa usingizi, zinabaki kama 90. Nusu saa ya mtaalamu ndani ya saa 90 ni punje ya chumvi kwenye sufuria ya pilau la harusi.

Tunazungumzia mtindio wa ubongo. Ubongo uliumia tumboni, au siku ya kuzaliwa mtoto alipochelewa kulia, au baadaye kwa manjano kali, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachoendelea kuharibika ni misuli na viungo vilivyonyimwa kazi: goti linakunjika lisinyooke tena, nyonga inachomoka, mgongo unapinda. Utafiti wa Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta karibu watoto 3 wenye hali hii katika kila 1,000. Kwa hesabu hiyo, kata yenye watoto 5,000 inao kama 15. Hebu hesabu unaowaona nje wakicheza. Waliobaki wako mikekani.

Kuna imani kwamba mtoto akilia ndipo mazoezi yameingia. Iachwe. Mwaka 2013 Iona Novak wa Australia na wenzake walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu tiba za watoto hawa, na kumnyoosha mtoto viungo kwa mkono, basi, hakukuonekana kuleta faida ya maana. Kilichofanya kazi ni mtoto mwenyewe kurudia mara nyingi jambo analotaka kuliweza, pamoja na mazoezi ambayo familia inaelekezwa na mtaalamu na kuyafanya nyumbani. Kwa maneno mengine, atakayetoka jasho ni mtoto.

Hapo ndipo nyumba ya kawaida inapoishinda hospitali. Chukua mtoto ambaye upande wake mmoja ni dhaifu. Mpe hindi kavu apukuchue. Mkono mmoja lazima ushike, mwingine usukume punje, na ukizembea hindi linateleza. Mkono uliokuwa umekunjwa kifuani mwaka mzima unalazimika kuja kazini. Punje zitamwagika, kuku watakuja, na bibi atanyoosha mkono amalizie mwenyewe kwa kuwa anaona huruma. Bibi, mwache. Huruma hiyo ndiyo inayomfunga.

Kuoga, akae ndani ya beseni ashikiliwe, sabuni aishike yeye. Kuvaa, asukume mkono mwenyewe mpaka utokeze kwenye mkono wa shati, hata ikichukua dakika tano. Asiyeweza kushika shingo alazwe kifudifudi juu ya mapaja ya mama, mdogo wake akae mbele yake amchekeshe mpaka ainue kichwa. Wenzake wakicheza mpira, awe golikipa wa kukaa. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linataka watoto wenye ulemavu wa miaka 5 hadi 17 nao wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, kwa kadiri ya uwezo wao. Hakuna kliniki itakayokupa dakika 60 kila siku. Uwanja wa nyumba yako unazo.

Na mlo. Kumlisha mtoto huyu akiwa chali ni hatari. Chakula kinapita njia ya hewa, kinaingia mapafuni, na kifua kinachokuja baada ya hapo kinaua. Akalishwe, kichwa kiinamie mbele kidogo, kijiko kije kwa mbele, taratibu. Hili halingoji Alhamisi.

“Tunasubiri kiti cha magurudumu.” Mmesubiri miaka miwili, na fundi seremala yuko nyuma ya duka. Mbao mbili zilizoungana kama kona ya nyumba, kikalio, kimeza mbele, na kipande cha kanga cha kumfunga kiunoni asiteleze. Asiye na mbao atumie maboksi: Zimbabwe walianza zamani kubandika tabaka za maboksi na karatasi kwa gundi ya unga, wakazianika mpaka zikawa ngumu kama ubao, wakatengeneza viti vya watoto kama hawa. Vipimo tu ndivyo vya kumwachia mtaalamu, kwa sababu kiti kikubwa kupita mtoto ni mkeka mwingine wenye miguu.

“Ataanguka.” Ndiyo, kama kaka zake walivyoanguka. “Watu wataongea.” Waliongea tangu mlipoanza kumficha. “Baba yuko kazini.” Jumapili nayo? Ukiingia kliniki yoyote ya mazoezi, benchi limejaa akina mama na bibi. Baba mmoja akitokea, wote wanageuka kumwangalia. Mtoto anazidi kuwa mzito, mgongo wa mama ni uleule.

Wataalamu nao wasijifiche nyuma ya uchache wao. Ni kweli ni wachache na wengi wako mijini. Basi nusu saa hiyo itumike kumfundisha mama, si kumfanyia mtoto kazi mama akiwa amekaa pembeni na mkoba. Swali la kwanza liwe: nyumbani huwa anashindaje? Serikali ya Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaopita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe kumkalisha mtoto na kumlisha, si somo la miaka mitatu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaitambua haki ya huduma hizi; haikusema ziishie stendi ya mabasi ya mkoa.

Lakini sheria haiwezi kuja sebuleni kwako kumwinua mtu. Kliniki ni Alhamisi. Kesho asubuhi chai inyweke mtoto akiwa amekaa mezani na wenzake, na kikombe akishike mwenyewe.