MIJI YA ULIMWENGU: Hanoi, Mji Uliofukua Misingi Yake

Katika mwaka wa 2002 serikali ya Vietnam ilikuwa imekusudia kujenga jumba jipya la Bunge katikati ya Hanoi, mji mkuu wa nchi hiyo. Kabla kazi haijaanza, wataalamu wa mambo ya kale walipewa nafasi ya kuchimbua kiwanja. Waliyoyakuta chini ya udongo yaliwashangaza wengi: misingi ya majumba ya wafalme, visima, mifereji ya maji, vichwa vya majoka vya udongo wa kuchoma vilivyopamba mapaa ya zamani, na vyombo vingi vya kauri. Vitu hivyo vililala tabaka juu ya tabaka, kazi ya vizazi vya zaidi ya miaka elfu moja. Ndipo ulipozuka mjadala mkubwa. Je, nyumba mpya ya taifa isimamishwe juu ya nyumba za wazee, ama ihamishwe?

Kabla ya kueleza shauri lililokatwa, yafaa msomaji atembezwe mjini kidogo, maana swali hilo halikuwa geni kwa watu wa Hanoi.

Mji huo uko kando ya Mto Mwekundu. Mfalme Ly Thai To alihamishia makao yake huko katika mwaka wa 1010, akauita Thang Long, yaani Joka Lipaalo. Husimuliwa kwamba alipowasili aliona joka likipaa angani, akalihesabu kuwa dalili njema. Jina la Hanoi lilikuja baadaye sana, mwaka wa 1831.

Mahali ambapo mgeni hapaswi kupakosa ni Hekalu la Elimu, lililojengwa mwaka wa 1070 kwa heshima ya Confucius, yule mwenye hekima wa Uchina. Miaka sita baadaye palianzishwa chuo cha wana wa wafalme na wakubwa, na hatimaye hata vijana hodari wa watu wa kawaida walipokewa. Ndani ya ua mmoja yamesimama mabamba 82 ya mawe, kila moja juu ya mgongo wa kobe wa jiwe. Bamba la kwanza lilisimamishwa mwaka wa 1484 kwa amri ya Mfalme Le Thanh Tong. Yamechorwa majina ya watu zaidi ya 1,300 walioshinda mitihani mikuu tangu mwaka wa 1442 hata 1779, pamoja na mahali walikozaliwa. Kwa hiyo mtoto wa kijiji cha mbali aliweza kuandikwa jina lake, na la kijiji chake pia, katika mji wa mfalme. Wanafunzi walizoea kuvipapasa vichwa vya kobe hao ili wapate bahati katika mitihani, mpaka mawe yakalainika. Siku hizi umewekwa uzio wa kuwalinda.

Hapo pia vita vilipita. Majengo ya ua wa mwisho yaliharibiwa mwaka wa 1946, wakati wa kupigana na Wafaransa, na yakajengwa tena mwaka wa 2000.

Si mbali na hapo pana hekalu dogo la dini ya Buddha lisimamalo juu ya nguzo moja katikati ya kidimbwi, mfano wa ua la yungiyungi juu ya maji. Lilijengwa mwaka wa 1049. Yasemekana mfalme asiyekuwa na mwana aliota ndoto ya kupewa mtoto wa kiume, na alipompata akalijenga kwa kushukuru. Katika mwaka wa 1954, Wafaransa walipokuwa wakiondoka, lililipuliwa. Mwaka uliofuata lilijengwa upya, na ile nguzo sasa ni ya saruji.

Katikati ya mji liko Ziwa la Upanga Uliorudishwa. Hadithi yasema Le Loi, aliyewafukuza watawala wa Kichina katika karne ya 15, alipewa upanga wa ajabu; vita vilipokwisha kobe mkubwa alitokea majini akautwaa. Kaskazini mwa ziwa kuna mitaa ya kale iliyoitwa kwa majina ya biashara zake: mtaa wa fedha, mtaa wa sukari, mtaa wa karatasi. Kwenye mtaa wa fedha masonara wangali wakifanya kazi. Mashariki yake daraja la chuma la Long Bien, lililofunguliwa mwaka wa 1902, lavuka Mto Mwekundu. Ndege za Marekani zililipiga mabomu mara nyingi katika miaka ya 1967 na 1972, nalo likatengenezwa kila mara. Baadhi ya sehemu zake za asili hazikurudi tena.

Sasa turejee kwenye kile kiwanja. Kuta za ngome ya zamani zilikuwa zimekwisha kubomolewa na Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19. Lango la kaskazini likabaki, na juu yake yaonekana hata leo matundu mawili ya mizinga yao ya mwaka wa 1882. Wengi walidhani kwamba zaidi ya lango hilo, na mnara wa bendera, na mabaki machache, hakuna kitu. Kumbe yaliyo mengi yalikuwa chini ya nyayo za wapitao.

Shauri likakatwa kwamba sehemu kubwa ya machimbuo ihifadhiwe. Jumba la Bunge lilijengwa upande wa pili wa kiwanja, likafunguliwa mwaka wa 2014, na vitu vilivyofukuliwa chini yake vikawekwa katika ghorofa zake za chini ili watu wavione. Katika mwaka wa 2010, mji ulipotimiza miaka elfu moja, UNESCO iliiandika ngome hiyo miongoni mwa urithi wa ulimwengu.

Mgeni afikaye Hanoi ataona mambo mengi yaliyojengwa upya, na huenda akasema kuwa si ya kale halisi. Basi na akumbuke lile hekalu la nguzo moja. Lililipuliwa likiwa na umri wa miaka mia tisa, na watu waliokuwa wametoka vitani, wenye haja ya nyumba na chakula, hawakungoja hata miaka miwili kulisimamisha tena.