Ujirani wa Mulago

Safu ya Kila Wiki, na Hamidu Ssenyonga

Sisi wa Kamwokya tuna jeuri moja: hospitali iko mlangoni. Ukitoka sokoni, boda inakufikisha Mulago hata jasho halijakauka, na huko ndiko iliko Taasisi ya Moyo ya Uganda. Basi mtu akianguka ghafla tunampakia: dereva mbele, mgonjwa katikati, shemeji nyuma amemkumbatia asidondoke.

Kama moyo umesimama, tunampoteza njiani.

Kusimama kwa moyo si shambulio la moyo, ingawa redioni yanachanganywa kila siku. Kwenye shambulio, mshipa unaolisha msuli wa moyo umeziba; mara nyingi mgonjwa yu macho, analalamikia kifua, na huyo mkimbizeni kweli. Moyo ukisimama, mara nyingi umeme wake ndio uliovurugika. Damu haisukumwi, mtu anazimika papo hapo. Shambulio laweza kuzaa hili la pili. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi, na juu ya boda hakuna awezaye kumkandamiza kifua.

Kinachotudanganya zaidi ni ule mkoromo. Anavuta pumzi moja, kimya, nyingine, na watu wanasema, "Ssebo, anapumua, mwache!" Huko si kupumua. Akiwa haitiki, mlaze chali mahali pagumu, pandanisha viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu hadi kifua kibonyee sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiachia kinyanyuke kila mara. Ukichoka, mwingine apokee. Mwenzenu mmoja apige simu, atafute gari. Maji ya kummwagia yarudisheni jikoni.

Wapenzi wa mpira mnamkumbuka Christian Eriksen, Copenhagen, 12 Juni 2021. Hakubebwa kwanza. Alikandamizwa pale pale kwenye nyasi, moyo ukashtuliwa kwa mashine ya umeme, na mwaka uliofuata akarudi kucheza. Mashine hiyo sijaiona sokoni kwetu. Mikono tunayo.

Wa kwanza kufika ni vijana wa boda, kwa hiyo ningeanza nao. Steji yao ina munno mukabi, mchango wa kuzikana. Nilipendekeza fungu dogo litolewe kumwita mkufunzi wa Msalaba Mwekundu kwa nusu siku. Mwenyekiti alifikiri sana, kisha akauliza kama mkufunzi huyo atataka na chakula cha mchana. Nikamwambia atakula.