Turudi Kwenye Baiskeli: Wito kwa Watu Wazima wa Tanga

Ndugu raia wenzangu wa Tanga, wake kwa waume, hasa ninyi mliovuka umri wa miaka 40, ambao mlijifunza kupanda baiskeli utotoni kwa kupenyeza mguu mmoja chini ya bomba la juu kwa kuwa kiti cha baba kilikuwa mbali na kimo chenu, mkaipanda kwenda shule, sokoni, mpirani na kwa jamaa, kisha kazi, ndoa na majukumu yakawatenga nayo, hata leo baiskeli hiyo imeegemezwa uani ikiliwa na kutu au imekwisha kupewa mtu mwingine: nawaandikia kuwaomba jambo moja. Naomba turudi kuipanda, na tena turudi pamoja, kwa mitaa na kwa jamaa, pasipo kujificha gizani kabla watu hawajaamka. Maana mtu mzima anayerudi barabarani peke yake huwa kama mgeni anayevumiliwa tu, lakini watu wazima mia wanaorudi pamoja huwa wenye haki, ambao kila dereva hulazimika kuwahesabu.

Mwenyezi Mungu ameujaalia mji wetu ardhi ya baiskeli. Hatuna vilima vya kumkatisha mtu pumzi. Barabara za Ngamiani, zinazoitwa kwa nambari tangu zamani, zimenyooka na kukatana hata mgeni hapotei. Na kutoka Makorora hadi Chumbageni, au kutoka Chumbageni hadi Raskazone, ni mwendo ambao mtu mwenye siha ya wastani huumaliza kwa muda usiozidi sana ule anaoupoteza akingojea daladala ijae. Wala jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu waliofanya kazi bandarini, relini, viwandani na katika ofisi za mashamba ya mkonge walikwenda kazini kwa baiskeli. Mwalimu, karani, muuguzi na fundi cherehani walikuwa nayo. Raleigh iliyotoka Nottingham, Uingereza, na baadaye Phoenix iliyotoka Shanghai, zilitunzwa kwa taadhima, zikafutwa vumbi kila jioni, mnyororo ukatiwa mafuta, zikafungwa dinamo ya taa na kengele yenye sauti safi, na mwenye nayo akahesabiwa kuwa mtu aliyejimudu. Haikuwa ajabu kumwona mzee mwenye kanzu na kofia ya vito akipita polepole kwenda msikitini huku akiwaamkia watu kwa majina yao, kwa kuwa mwendo wa baiskeli humpa mtu wasaa wa kuonana na jirani zake.

Basi kilichotutenga nayo ni nini? Kwanza ni fahari iliyopotoka. Zilipoanza kujaa pikipiki na bajaji, na mkopo wa gari ukawa jambo la kufikirika hata kwa mtumishi wa mshahara mdogo, tulianza kuamini kwamba baiskeli ni usafiri wa mnyonge, na kwamba mtu mwenye cheo akionekana anainyonga atadhaniwa kuwa amefilisika au amefukuzwa kazi. Dhana hii imetugharimu pakubwa. Yuko mtu anayetoa nauli ya bodaboda asubuhi na jioni, kila siku ya kazi, kwa safari ambayo miguu yake ingeifanya bure, kisha mwisho wa mwezi anakopa fedha za dawa ya shinikizo la damu, maradhi ambayo mwili usiotumika ni miongoni mwa sababu zake. Sisemi kila mgonjwa amejiletea ugonjwa. Itakuwa dhuluma kusema hivyo. Nasema tumeitupa dawa moja iliyokuwa uani mwetu, kwa kuwaogopa watu ambao hawatulipii nauli wala hawatununulii vidonge.

Sababu ya pili ni hofu, nayo hii siidharau hata kidogo, kwa kuwa ni hofu ya haki. Barabara zetu kuu zimekuwa za malori na mabasi, na pikipiki hupenya kushoto na kulia bila ishara. Mwendo wa chombo ukizidi mara mbili, nguvu ya kishindo chake huzidi mara nne, na mwili wa mtu aliye juu ya baiskeli hauna bati wala mkanda wa kuupokea. Mtu aliyeacha kupanda alipokuwa kijana, akarudi leo akiwa na macho yaliyopungua nuru na shingo isiyogeuka upesi, ana haki ya kusita. Lakini hapa ndipo penye kiini cha wito wangu. Mwaka 2003 mtafiti Mmarekani, Peter Jacobsen, alichapisha uchunguzi uliolinganisha miji na nchi mbalimbali, akaonyesha kwamba mahali wanapozidi waendao kwa miguu na kwa baiskeli, uwezekano wa kila mmoja wao kugongwa na gari hupungua. Dereva anayekutana na baiskeli moja kwa wiki huiona kuwa kizuizi. Anayekutana nazo kila njia panda hujizoeza kutazama, kupunguza mwendo na kutoa nafasi. Kwa hiyo kila mmoja wetu anayerudi huwa mlinzi wa mwenzake, na kila anayebaki nyumbani kwa hofu huwazidishia hatari wale wachache waliobaki barabarani, ambao aghalabu ni wauza samaki, wauza maziwa na watoto wa shule wasio na hiari ya kuchagua chombo kingine.

Watu wengi wakisikia habari za Uholanzi hudhani kwamba Waholanzi walizaliwa na mapenzi ya baiskeli na serikali yao ikawatengenezea njia kwa wema tu. Sivyo ilivyokuwa. Baada ya vita kuu ya pili magari yaliongezeka huko kwa kasi, baiskeli zikapungua mwaka baada ya mwaka, na katika mwaka 1971 peke yake watu zaidi ya 3,000 waliuawa barabarani, miongoni mwao watoto zaidi ya 400. Wazazi walikataa kuyaita mauaji hayo kudura. Wakaanzisha harakati iliyodai watoto waache kuuawa, wakafunga mitaa, wakapanda baiskeli kwa makundi mbele ya nyumba za wenye mamlaka. Na ulipokuja uhaba wa mafuta mwishoni mwa mwaka 1973, na serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, watu wakaonja jinsi mji unavyokuwa watu wanapoushika tena. Njia za baiskeli tunazoziona leo katika picha zilidaiwa na raia waliokuwa wamekwisha kuzikosa. Nalitaja jambo hili ili asiwepo miongoni mwetu wa kusema kwamba wakati wetu umepita.

Sasa niseme na yule anayetaka kurudi lakini anauliza kama mwili utakubali. Ustadi wa kusimamisha baiskeli haupotei, maana umehifadhiwa katika sehemu ya nyuma ya ubongo inayotunza mazoea ya viungo, na hata baada ya miaka mingi mtu hupanda, akayumba kidogo, kisha mikono ikakumbuka yenyewe. Kinachopotea ni vitu vingine: nguvu za mapaja, pumzi, wepesi wa kugeuka kutazama nyuma, na uvumilivu wa makalio juu ya kiti. Hivyo vyote hurejea kwa saburi. Mwenye maradhi ya moyo, kisukari au shinikizo la damu na amwone daktari kwanza. Wengine waanze katika uwanja au mtaa usio na magari, wajizoeze kusimama ghafula, kuendesha kwa mkono mmoja ili mwingine utoe ishara, na kugeuza kichwa bila kugeuza usukani, kabla hawajaingia barabara kuu. Kiti kikae juu kiasi ambacho pedali ikifika chini kabisa goti linakaribia kunyooka bila kujikaza. Kiti kikiwa chini mno, kama wengi wanavyokiweka kwa kuogopa kuanguka, magoti huumia, na mtu hulaumu umri wake. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu waliokuwa na azma njema wakikata tamaa kwa jambo ambalo fundi angelitengeneza kwa spana moja. Magoti yenyewe hayana sababu ya kuichukia baiskeli, kwa kuwa uzito wa mwili hubebwa na kiti, na mguu haupigi ardhi kama katika kukimbia.

Shirika la Afya Duniani humnasihi mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Anayekwenda kazini kwa dakika kumi na tano na kurudi kwa dakika kumi na tano, siku tano za juma, amekwisha kutimiza kiwango cha chini cha nasaha hiyo, naye hakulipa ada popote wala hakutenga saa ya pekee.

Baiskeli iliyolala miaka mingi nayo yataka daktari wake. Usiipande kwa kuwa tu tairi zimeshika upepo. Mpira wa tairi huoza pembeni na kupasuka, raba za breki hukauka zikawa ngumu zisiishike rimu, waya wa breki huliwa na kutu ndani ya ala yake pasipoonekana, na grisi iliyo kwenye goroli huganda. Mpelekee fundi aifungue yote, abadilishe vilivyochoka, akaze spoku na kunyoosha rimu. Tunao mafundi hodari katika mitaa yetu, wanaokaa chini ya miti na beseni la maji la kutafutia pancha, nao wamepoteza riziki kadiri sisi tulivyoiacha baiskeli. Kurudi kwetu ni kurudisha kazi mikononi mwao, na wengine kati yao wanayo maarifa ambayo hayataandikwa popote wakifa bila wanafunzi.

Kwa dada zangu na mama zangu nasema kwa heshima: wengi wenu mlikatazwa kupanda mlipobaleghe, au mliacha kwa kuona haya, ingawa stara haikuwa na ugomvi na baiskeli wakati wowote. Baiskeli ya kike, yenye bomba lililoinama na kifuniko cha mnyororo, hupandwa kwa gauni refu na hata kwa baibui ikiwa pindo limekusanywa vema, na safari ya sokoni yenye kikapu mbele huwa nyepesi kuliko kubeba mkononi. Pandeni kwa kundi. Hakuna ulimi wa mtaani unaoweza kuwafuata wanawake ishirini.

Juhudi zetu peke yake hazitoshi, na hapa pana dhima ya walio juu. Barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA na zile kuu ziko chini ya TANROADS, na Halmashauri ya Jiji ndiyo ipangayo masoko na vituo. Twende kwao kwa barua zenye saini za watu wengi, tuombe bega la barabara lifagiliwe mchanga na kutengwa kwa alama zinazoonekana, matuta na mwendo mdogo karibu na shule, na mahali pa kufungia baiskeli penye kivuli sokoni Mgandini, hospitalini Bombo na katika ofisi za umma. Hatuombi muujiza. Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwezi Mei 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imejengewa njia za baiskeli pembeni. Na ingawa mara nyingi njia hizo hukaliwa na pikipiki na biashara, zimethibitisha kwamba mhandisi wa kwetu akiagizwa anaweza. Zimethibitisha pia kwamba njia isiyo na wapitaji wake hunyang'anywa. Jirani zetu wa Kigali walianza mwaka 2016 kutenga siku za mitaa isiyo na magari, na Septemba 2025 mji wao ukapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika.

Kwa hiyo napendekeza, nanyi mwaweza kurekebisha, kwamba Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa 12 na nusu asubuhi, tukutane Uwanja wa Tangamano, twende kwa mwendo wa polepole kwa njia ya Bombo hadi Raskazone na kurudi, mwenye kasi akimngoja asiye nayo. Wenye viti vya udiwani na walimu wakuu waje wakiwa wamepanda, wasije kutupungia mikono wakiwa garini. Wenye baiskeli mbili waje na jirani. Mafundi wakae mwanzo na mwisho wa safari, nasi tuwalipe haki yao pasipo kuomba kupunguziwa. Madereva wa daladala, bajaji na bodaboda, ambao ni wana wetu na ndugu zetu, tunawaomba asubuhi hiyo watupe nafasi ya urefu wa mkono wanapotupita, na wafanye hivyo siku nyingine zote. Nanyi mtakaosoma maneno haya, kesho itoeni baiskeli uani, mtieni fundi shughulini, na Jumamosi hiyo mje mkiwa na kengele inayolia na breki inayoshika.