PIMA KWANZA, LAWAMA BAADAYE

Ndugu wafanyakazi wa migodini,

Katika machimbo ya shaba na kobalti hapa Kolwezi limezoeleka jambo ambalo sisi wa chama hatuwezi kulinyamazia. Ekskaveta ikipungua nguvu au ikizimika, mwenye kosa hupatikana kabla mtambo haujafunguliwa: ni dereva wake, au ni fundi aliyeigusa mwisho. Mtambo unaugua, mtu anakatwa mshahara.

Maoni yetu ni haya. Mfanyakazi asikatwe chochote kabla mtambo haujapimwa kwa vyombo, na kabla vipimo hivyo havijaandikwa na kuonyeshwa kwake.

Tutoe mfano wa shauri tulilolishughulikia wenyewe katika kampuni moja ya mkataba. Ekskaveta ya tani zaidi ya 30 ililegea zamu ya usiku. Mkono mkubwa ulipanda polepole, ndoo ikawa nzito kukunja, hata kuzunguka kukawa kwa shida. Asubuhi kapita alifika, akatazama, akasema pampu ya oili imekufa kwa sababu dereva aliichosha. Dereva akaandikiwa kukatwa siku nane. Pampu ikabadilishwa, kazi ya siku mbili na nusu. Mtambo ulipowashwa, ulikuwa mlegevu vilevile.

Ndipo fundi mmoja mzee alipoomba geji na mita ya umeme. Alisema maneno machache tu: kiungo kimoja kikilegea, tafuta kwenye vali au silinda ya kiungo hicho, viungo vyote vikilegea pamoja, tafuta kile wanachochangia vyote. Akatazama oili na filta, zikawa safi. Akafunga geji, akausukuma mkono mpaka mwisho wake: shinikizo likafika karibu bar 350 kama inavyotakiwa. Shinikizo dogo la kuongozea vali likasoma karibu bar 40, nalo likawa sawa. Na injini haikulemewa hata kidogo. Maana yake pampu ina nguvu ila inatoa oili kidogo, kwa kuwa haipati amri ya kutoa nyingi.

Akaigeuza swichi ya dharura, ile inayoiendesha pampu bila kompyuta, na nguvu ikarudi pale pale. Ugonjwa ulikuwa wa umeme. Alipoufuata mkungu wa nyaya alikuta mahali uliposuguana na chuma, na waya mmoja wa kwenda kwenye pampu umeliwa, shaba yake imegeuka kijani. Ulitengenezwa kabla ya chakula cha mchana. Pampu ya zamani haikuwa na ubaya wowote, na dereva hakuwa na kosa. Siku zake nane hazijarudishwa mpaka tunapoandika haya.

Waajiri hutuambia kwamba kupima kunapoteza wakati, na kila saa ekskaveta ikisimama malori yanapanga foleni. Tunakubali kwamba kusimama ni hasara. Lakini ni nini kilichokula siku mbili na nusu na pampu mpya? Ni kubahatisha, na gharama ya kubahatisha alitwikwa mtu wa chini.

Wapo pia wanaosema mitambo ya leo ina kompyuta, namba ya kosa inatokea kwenye kioo cha dereva. Basi sisi tulioishia darasa la sita tuna lipi la kusema? Tunalo. Namba inaweza kusema kwamba habari za sensa fulani hazifiki. Mara nyingi haisemi kama sensa imekufa, au waya umekatika, au plagi imeingia maji. Fundi anayebadilisha sensa kwa kuitazama namba tu anabahatisha kama yule kapita. Anayejua kazi huanza na betri: volti 24, na injini ikizunguka zipande kufika 27 au 28. Kisha fyuzi, kisha ethi, kisha plagi na waya, akipima mzigo ukiwa umewashwa. Kwa maana waya mbovu unaweza kuonyesha volti zote ukiwa hauna kazi, na ukishindwa mara unapobebeshwa. Elimu hii haihitaji chuo kikuu. Inahitaji mita, mchoro wa nyaya na mwalimu mvumilivu. Lakini vitabu vya mitambo huletwa kwa Kiingereza au Kichina, na sisi tulisoma Kifaransa na Kiswahili. Halafu tunaitwa wajinga.

Tena haraka hii haili mishahara peke yake. Kijana mwenzetu mmoja aliambiwa atafute oili inakovujia huku injini inazunguka. Akapitisha kiganja juu ya mpira. Tundu lilikuwa dogo kama la sindano, na oili ikapenya ngozini. Zahanati ilifunga kitambaa, akarudishwa kazini. Kesho yake mkono ulikuwa umevimba, na mwisho alipoteza vidole viwili. Ndugu, shikeni hili: uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi au ubao, kamwe si kwa mkono. Oili ikipenya mwilini, hata kidonda kikiwa kama cha mbu, ni kazi ya daktari wa upasuaji saa ile ile. Na kabla ya kufungua mpira wowote, teremsheni ndoo chini, zimeni injini, toeni shinikizo lililobaki kama kitabu cha mtambo kinavyoagiza. Kwa sababu mtambo uliozimwa bado unaweza kuwa na shinikizo ndani. Ufunguo ukae mfukoni mwa fundi.

Kapita akikataa kuwapa nafasi ya kufanya hivyo, haki ipo. Mkataba Na. 176 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1995 kwa ajili ya migodi, unataja haki ya mfanyakazi kujiondoa mahali penye hatari kubwa akiwa na sababu ya maana.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kila karakana iwe na geji na mita zinazofanya kazi. Michoro na maelekezo yafasiriwe katika lugha tunayoisoma. Kila uharibifu uwe na karatasi ya vipimo, na mjumbe wa wafanyakazi aione kabla ya adhabu yoyote. Na muda wa kutoa shinikizo uhesabiwe kuwa kazi, usiitwe uvivu.

Wajumbe, anzeni na karatasi. Hata daftari la shule linatosha: tarehe, saa, mtambo ulilalamika nini, geji ilisoma ngapi, mita ilisoma ngapi, nani alishuhudia. Kapita anaweza kulipinga neno la dereva, lakini namba zilizoandikwa mbele ya mashahidi zitamsumbua. Kwa daftari la namna hiyo ndipo tutakaporudi mezani kuzidai siku nane za mwenzetu.

Umoja ni nguvu.