Plafo iingie ku mukataba

Wafanyakazi wenzetu wa Mongbwalu, Kilo, Nizi na Bambu, na nyinyi wamama munaobaki na watoto wakati baba yuko ku zamu ya usiku, leo hatuongei mushahara. Tunaongea chumba cha kulala.

Nyumba za kampi munazijua. Matofali, manjanja juu, vyumba viwili ao vitatu, basi. Saa nane ya mchana chumba cha watoto kinachoma kama tanuru. Saa kumi ya usiku kile kile kinakuwa baridi mpaka mutoto anaamuka na kikohozi, na maji yanatona toka manjanja juu ya kitanda. Na chumba cha upande wa pili, hatua tatu tu, watu wanalala vizuri. Tulipeleka jambo hili kwa patro mumoja, akatujibu ati nyumba ni mupya, watu watazoea. Mupya iko mupya, lakini imejengwa vibaya.

Sisi wa Djugu tuko karibu sana na ekweta, digri 2 hivi kaskazini. Jua linatoka mashariki, linapita karibu juu ya kichwa, linaanguka magharibi. Kwa hiyo kuta za kaskazini na za kusini hazipati jua mingi. Ukuta wa magharibi njo unalikunywa toka saa saba mpaka jioni, halafu usiku matofali yanarudisha lile joto ndani. Manjanja nayo hayaweki akiba: jua likiwaka yanachoma, jua likizama yanapoa haraka, na pumzi yetu ikiyagusa inageuka maji. Wazee wetu walilala chini ya nyasi nene, ambayo haipitishi joto wala baridi upesi. Nyasi ilitoka, manjanja yakaingia, haina shida, manjanja hayashiki moto. Lakini waliojenga kampi hawakuweka kitu mahali pa ile nyasi. Kitu hicho kinaitwa plafo. (Mutu wa Tchomia, kule ziwani kwenye joto, ataona tunazidisha. Mutu wa Blukwa atasema tumechelewa.)

Mutu wa galeri anaelewa hii bila masomo mingi. Hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka. Bila njia mbili, moja ya kuingia na moja ya kutoka, hewa haitembei. Nyumba ni vile vile. Weka plafo ya mbao, ao mikeka ya matete kama mfuko ni mwepesi, halafu acha matundu juu ya plafo, ku kuta zote mbili za mwisho wa nyumba. Mchana joto la manjanja litatokea kule bila kushuka kwa kitanda. Usiku ile baridi itapita juu, haitamugusa mutoto. Siku ya upepo washa bujia, uipitishe polepole kando ya mulango na dirisha: pale mwale unalala, pale njo baridi inapitia. Ziba kwa udongo, lakini kila chumba kibaki na tundu lake la hewa. Upande wa magharibi paka chokaa nyeupe, panda ndizi kadogo mbali na ukuta, jenga baraza kama kuna uwezo.

Sasa jambo linalotufanya tuandike. Baridi ikizidi, watu wanaingiza mbabula ya makala ndani, wanafunga mulango na dirisha, wanalala. Hapana, bwana. Makala yakiwaka penye hewa kidogo yanatoa gazi ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Ni ile ile inayoua wachimbaji wakishusha motopompe ndani ya puits. Na musiamini bujia hapa: bujia inaweza kuendelea kuwaka vizuri wakati mutu anakufa kando yake. Kule Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walishuka na ndege kanari mpaka 1986, kwa sababu ndege alianguka mbele ya watu. Chumba cha mutoto hakina kanari. Watu wa nyumba moja wakiamuka pamoja na kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika, watoke inje mara moja, wafungue yote, waende hospitali. Wengine watasema ni sumu ya jirani. Waende hospitali kwanza.

Tunarudi kwa mapatro. Code du Travail ya 2002 inasema patro anayetoa mufanyakazi mbali, ao anayemuhamisha, amupe yeye na familia yake nyumba ya kufaa, ao indemnité ya nyumba. Kwa neno la kufaa wanasoma kuta nne na manjanja. Sisi tunasoma nyumba ambayo mutu anaweza kulala bila kuwasha makala kitandani. Watatuambia comité ya securité na hygiène ni ya mahali pa kazi, haingii chumbani kwa mutu. Sawa, lakini mutu aliyekesha na mutoto anayekohoa anashuka ku zamu asubuhi, anashika mashini, na wenzake wako chini pamoja naye.

Ndugu zetu creuseurs hawana patro wa kudai. Sheria ya mines ya 2018 inawataka wawe ndani ya koperative, basi koperative inunue mbao kwa pamoja, bei itashuka. Na wale wanaolala chini ya bashi ku site ya Rhoe, kwao hata neno plafo ni mbali; kwao tunadai usalama wa kurudi nyumbani kwanza.

Madelege wote: mbele ya mazungumzo yanayokuja, mupite nyumba kwa nyumba. Muandike ni chumba gani kinatazama magharibi, wapi maji yanatona, nani anakohoa, nani analala na mbabula. Muulize wamama, wao njo wanaijua hesabu hiyo kuliko sisi, na mumoja wao aingie nayo ku meza.