Deki ya Mtumba Hupimwa kwa Diski ya Nyumbani



Juma hili twajibu swali lililotufikia kutoka Kutus, katika Kaunti ya Kirinyaga, chini ya Mlima Kenya. Aliyeuliza ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa pwani, aliyehamia huko pamoja na mumewe kwa ajili ya kazi. Amepokea zamu yake ya upatu, na azma yake ni kununua deki ya diski iliyokwisha kutumika, pamoja na spika sita, ili nyumba ipate sauti ya pande zote. Diski anazo: kasida na maulidi, taarabu za kale, kisomo cha Qur'ani, na diski ya harusi yake, ambamo imo sauti ya marehemu mama yake akiwakaribisha wageni. Watoto wake, asema, shuleni wasikia Kiingereza na mtaani Kikikuyu. Lafudhi ya bibi yao wataipata wapi kama si katika diski hizo? Auliza anunue deki ya namna gani, na ajihadhari na nini asije akahadaiwa.

Swali hili si lake peke yake. Jamaa zetu wengi wamefuata riziki Nyeri, Karatina, Embu na Nanyuki. Kutus kwenyewe ni mji wa soko, na hapo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kirinyaga, kilichopewa hati yake mwaka 2016. Penye soko na wanafunzi hapakosi mwenye kuuza spika na redio za mtumba. Basi jibu letu, ingawa ni la Kutus, laweza kumfaa na aliye Malindi au Lamu.

Twalisema kwa ufupi kwanza. Kabla ya kuhesabu spika za muuzaji, hesabu njia za sauti zilizomo katika diski zako. Na kabla ya fedha kutoka mkononi, diski iliyotoka nyumbani kwako ipigwe mbele yako.

Tuanze na hesabu ya njia. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodiwa na His Master's Voice. Santuri za zama zile zilibeba njia moja tu ya sauti: mwimbaji, udi, fidla na dufu vyote vilipita katika mfuo mmoja. CD ilipotoka mwaka 1982, kwa kazi ya Sony na Philips, ilikuja na njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Kwa hiyo hata CD ya "Mtindo wa Mombasa" ya Zein Musical Party, iliyotolewa mwaka 1990, ina njia hizo mbili, wala haina ya tatu. Na kisomo kamili cha murattal alichorekodi Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri mwaka 1961 ni sauti ya mtu mmoja. Spika moja njema yamtosha.

Sasa, diski yenye njia mbili ikitiwa katika mashine yenye spika sita, hutokea moja ya mambo mawili. Ama spika za nyuma hunyamaza kimya, ama mashine huibuni sauti ya nyuma kwa kuigawa ile iliyopo na kuitia mwangwi. Ni sawa na chai ya kikombe kimoja kugawiwa katika vikombe sita: vikombe vimeongezeka, chai ni ile ile. Kwa muziki wengine hupendezwa na mwangwi huo. Kwa kisomo, ambapo kila herufi ina haki yake ya kusikika, mwangwi wa kubuni huharibu kuliko unavyopamba.

Ziko diski zenye sauti ya pande zote kwa kweli. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, yaweza kubeba njia sita: mbili za mbele, moja ya kati, mbili za nyuma, na moja ya mngurumo wa chini. Hii ndiyo maana ya alama 5.1 inayoandikwa juu ya majalada. Kwa ajili ya muziki mtupu zikaja SACD mwaka 1999 na DVD-Audio mwaka 2000. Hizi hazikuenea sana, na leo aghalabu hupatikana kwa wapenzi wa muziki wenye kuzitafuta. Ikiwa unazo, au una filamu na tamasha zilizorekodiwa kwa njia sita, basi spika sita zina kazi ya kufanya. Ikiwa diski zako ni kama za mama wa Kutus, deki moja yenye afya pamoja na spika mbili nzuri zitakupa zaidi ya seti kubwa iliyochoka, na akiba ya upatu itabaki.

Kwa yule mwenye SACD, tuongeze neno juu ya waya, kwani hapa ndipo wengi hupotelewa na fedha. Si kila deki ya CD au DVD inayosoma tabaka la njia sita la SACD. Tafuta alama ya SACD usoni mwa mashine. Diski nyingi za SACD zina tabaka la pili la CD ya kawaida, hivyo zitaimba hata katika deki isiyojua SACD, lakini kwa njia mbili tu, na mnunuzi atadhani amefaulu. Kisha geuza mashine uangalie mgongo wake. Waya wa mwanga hauwezi kupitisha njia sita za SACD; zataka waya wa HDMI, au waya sita kila mmoja na tundu lake. Na amplifaya ya nyumbani iwe na matundu yanayolingana na hayo. Deki yenye mlango usiokuwako kwenye amplifaya ni mgeni asiyepata pa kuingilia.

Wauzaji wengi hawauzi deki peke yake, bali seti nzima yenye deki na spika zake. Seti hizo zina dosari moja ya kujulikana mapema: mara nyingi vichwa vya waya na ukinzani wa spika zake ni vya kampuni ile ile, na spika moja ikipotea, kuipata ya kulingana ni shida. Hesabu zote sita, nazo zilie zote. Uisikilize hasa ile ya kati, kwa kuwa katika filamu maneno ya wasemaji hupitia hapo. Na usikubali mashine isiyo na rimoti. Katika deki nyingi, kuchagua njia za sauti na kupanga spika hufanywa kwa rimoti tu, na kumbe muuzaji aliyeipoteza amekuuzia nusu ya mashine.

Tuje kwenye asili ya mashine. Bidhaa za mtumba hutufikia kutoka Uingereza, Ghuba, Japani na kwingineko, na kila nchi ina umeme wake. Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Mashine ya Uingereza haina taabu nao. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hutaka volti 100, na ya Marekani 120. Ukiichomeka ukutani hivi hivi, huungua. Kibandiko cha nyuma kimeandikwa volti zake. Kisome mwenyewe, au mpe kijana wako akusomee, kabla ya mtu yeyote kugusa swichi.

Liko na jambo la kanda. Kampuni za filamu ziliigawa dunia, na DVD za dukani hubeba namba ya kanda ndani ya picha ndogo ya tufe. Kenya na Tanzania zimo katika kanda ya 5. Uingereza na nchi za Ghuba zimo katika kanda ya 2. Kwa hiyo deki iliyotoka London yaweza kuikataa DVD iliyotengenezwa kwa soko letu, nayo ni nzima kabisa. Ziko deki zinazofunguliwa zisome kanda zote. Muulize muuzaji, kisha umtake akuonyeshe. CD za sauti hazina kanda, wala diski zilizochomwa nyumbani, kama zile za harusi. Na katika Blu-ray, Afrika, Ulaya na Uarabuni ziko pamoja katika kanda B, hivyo taabu hiyo hupungua.

Uulize pia mashine imeishi wapi. Iliyokaa miaka Mombasa karibu na maji imekula chumvi ya bahari: fungua macho kwenye matundu ya nyuma uone kama kuna kutu au ukungu wa kijani. Iliyokaa bara imeepuka chumvi, lakini vumbi jekundu la kiangazi hutua juu ya lenzi. Vumbi laweza kufutwa na fundi. Shaba iliyoliwa hairudi.

Majaribio yenyewe hayachukui zaidi ya nusu saa. Nenda na diski tatu kutoka nyumbani: CD ya dukani, DVD ya dukani, na moja iliyochomwa kwenye kompyuta. Diski ya harusi iache kabatini. Mashine usiyoijua yaweza kuikwaruza, nayo haina badala.

Kwanza, jaribu CD na DVD zote mbili. Deki husoma CD kwa mwali mmoja na DVD kwa mwali mwingine, hivyo yaweza kuimba kwa hii na kuwa kipofu kwa ile. Muuzaji anayekuonyesha filamu moja tu huenda anakuonyesha jicho lililo zima. Pili, usiridhike na wimbo wa kwanza. Diski husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Ruka hadi wimbo wa mwisho uone kama mashine itafika bila kukwama. Tatu, tia ile iliyochomwa. Diski hizo aghalabu humtaabisha mwali uliodhoofika kabla ya nyingine zote, na ndizo zilizobeba harusi na mawaidha yetu. Nne, fungua na ufunge mlango wa diski mara kadhaa, kisha iache mashine iimbe kwa dakika ishirini. Hitilafu nyingi hujificha mashine ikiwa baridi na hujitokeza ikipata joto.

Hayo ni ya mnunuzi. Muuzaji naye ana yake. Dini yetu imemwajibisha muuzaji kuibainisha aibu ya bidhaa yake, na mafakihi wamempa mnunuzi khiyari ya aibu: akigundua dosari iliyokuwako kabla ya kuuziana, naye hakuijua, ana haki ya kurudisha. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa nayo yamtaka mfanyabiashara auze kitu cha ubora unaokubalika, lakini yasema kwamba mnunuzi aliyekikagua kitu hataidai dosari ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Basi kagua ukaguzi wa kweli, wala si wa kupapasa kifuniko. Pata risiti yenye jina la mashine, tarehe, na siku mlizokubaliana za kurudisha. Fedha za simu nazo zitumwe baada ya majaribio. Anayekuhimiza utume kwanza "asije akachukua mwingine", mwache huyo mwingine achukue.

Na sisi tunaouza deki zetu kuukuu kwa majirani na jamaa, tusijione tumo nje ya hukumu hii. Kusema "wimbo wa mwisho hukwama" kutapunguza bei kidogo. Kunyamaza kutapunguza kitu kilicho ghali kuliko bei.

Neno kwa jirani. Nyumba nyingi za kupanga mijini hushirikiana ukuta, na spika ya mngurumo haisimami mlangoni kwako. Iweke mbali na ukuta wa wenzako, ipunguze baada ya Isha, na ukumbuke kwamba jirani wa Kutus ambaye si wa dini yako atakujua kwanza kwa namna unavyomlinda usingizi wake.

Limebaki lililo kubwa. Mama wetu adhani anatafuta mashine, na sisi twaona anailinda sauti. Deki ikifa, nyingine hupatikana sokoni. Diski iliyochomwa nyumbani haidumu milele: rangi iliyobeba maandishi yake hufifia kwa joto, mwanga na miaka, na siku itakapokataa hakuna fundi wa kuirejesha. Kwa hiyo siku atakayopata deki au kompyuta inayoisoma diski ile ya harusi, kabla ya kuwaalika wageni, na anakiliwe nakala mbili: moja ibaki kwake, na nyingine apelekewe jamaa aliye mji mwingine. Diski ya asili irudi katika kasha lake, isimame wima, mahali pakavu pasipo jua, ishikwe kwa ukingo.

Kisha awaketishe watoto wamsikilize bibi yao. Naye, akiwakaribisha wageni wake kwa lafudhi ya nyumbani, spika mbili zamtosha.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.