Swichi ya Taa ni Suala la Afya

Swichi ya taa inapolegea ukutani, ikatoa cheche au harufu ya kuungua, kaya nyingi huliona jambo hilo kuwa dogo. Mmoja wa wanakaya huchukua bisibisi, huizima swichi yenyewe, kisha huanza kuifungua. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Kuizima swichi huikatia umeme taa tu. Waya wa moto unaoingia nyuma ya swichi hubaki na nguvu ileile.

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Ngozi kavu huuzuia kwa kiasi kikubwa, lakini ngozi iliyolowa jasho au maji huufungulia njia. Ukinzani wa mwili ukishuka hadi omu 1,000, mkondo unaopita hufikia miliampia 230. Ilhali miliampia 10 hadi 20 hutosha kuikaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuuachia waya, na miliampia 100 hivi zikipita kifuani zaweza kuufanya moyo utetemeke tu pasipo kusukuma damu.

Wapo wanaoshikilia kwamba inatosha kumwambia mwananchi amwite fundi. Ushauri huo ni sahihi, lakini fundi hulipwa, na mfuko ukiwa mtupu mtu hujaribu mwenyewe. Katazo lisilo na maelezo humwacha gizani. Kwa hiyo elimu ya afya itolewayo zahanati na kliniki haina budi kutaja mambo haya: swichi kuu ya nyumba izimwe, na wote waliomo waarifiwe wasiiwashe; waya zipimwe kwa testa iliyokwisha kujaribiwa mahali penye umeme; mikono na sakafu viwe vikavu; na rangi ya waya isiaminiwe, kwa maana waya mweusi au wa bluu ndani ya swichi waweza kuwa na moto. Waya ukiwa umeungua, ukuta ukiwa na unyevu, au pakiwapo shaka yoyote, kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, hata kama itabidi taa ikae siku kadhaa bila kuwaka.

Watumishi wa afya nao wana wajibu wao. Alama ndogo ya kuungua kidoleni haisimulii yaliyotokea ndani ya mwili. Yafaa mgonjwa aulizwe umeme uliingilia wapi, ulitokea wapi, ulimshika kwa muda gani, na kama alikuwa amelowa. Aliyezimia, mwenye maumivu ya kifua, moyo wenye mapigo yasiyo ya kawaida au mkojo wa rangi ya chai nzito, pamoja na mjamzito, wachunguzwe bila kukawia, na umeme wa moyo upimwe.

Anayemkuta mwenzake ameshikwa na umeme asimguse kabla ya kuzima swichi kuu. Umeme ukishakatika, asiyepumua akandamizwe kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika huku msaada ukiitwa.

Elimu hii haihitaji dawa wala mashine. Inahitaji dakika chache za mazungumzo, kama zile zinazotumika kueleza chandarua na maji safi, nayo yastahili kupewa nafasi hiyohiyo.